Mgeni Aliyejishuhudia Mwenyewe

Watu wakitaka kuaminiwa huanza kwa kuapa. Haki ya Mungu, nife hapa nilipokaa, naapa kwa kaburi la mama. Mimi siapi. Haya yalinitokea kweli na yameniachia alama mwilini, lakini nikikuapia, anayenidhamini ni nani? Ni mimi. Na anayedhaminiwa? Ni mimi huyo huyo. Hapo umepata nini? Basi nitasimulia tu kama yalivyokuwa, na mwishoni nitakupa kitu cha kushika kwa mkono wako. Ukishika ukaona si kweli, nitukane. Nipo Ilomba, siendi mbali, miguu ya uzee hainiruhusu, na mmoja katika hiyo miguu ndio habari yenyewe.

Naandika kama ninavyosema. Shule niliishia la pili, baba akanitoa nikachunge mbuzi, na mbuzi wale wakaja kufa wote kwa ugonjwa, kwa hiyo nikakosa shule na mbuzi nikawakosa. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Wakati huo nilikuwa bado kwetu, juu kule Mufindi, ambako ukungu haupigi hodi. Unaamka unaukuta umeshakaa jikoni kama mkwe. Nilikuwa naishi na dada yangu Leokadia, mjane, mkubwa kwangu kidogo. Mke wangu alitangulia zamani. Mwanangu wa pekee, Fidelis, alikwenda Chunya kutafuta dhahabu kwenye maduara, yale mashimo wanayochimba kwa mikono, na duara likamfukia. Tulimleta tukamzika nyumbani. Tangu hapo tulibaki wazee wawili na kuku.

Leokadia alikuwa anauza ulanzi. Kama wewe si wa huku, ulanzi ni pombe ya mianzi. Unakata ncha ya chipukizi, unafunga mbeta, yaani kipande cha mwanzi cha kukingia, na utomvu unadondoka wenyewe. Asubuhi ni mtamu, mtoto anaweza kunywa. Jioni unamkalisha mtu mzima chini. Sasa kwetu kuna desturi kwamba muuzaji anaonja kwanza, mbele ya wateja, kuonyesha kuwa hamna sumu. Wauzaji wote walifanya hivyo. Dada yangu alikataa.

"Mimi kuonja pombe yangu ni ushahidi gani?" alikuwa akisema. "Kama nimeweka sumu, si najua nimeiweka kikombe kipi? Chagueni wenyewe. Chagueni ndoo, chagueni kikombe, chagueni na wa kuonja. Mkinichagua mimi, nitakunywa mtakachonipa."

Wanywaji walilipenda hilo, likawa mchezo wa kila jioni. Na ndivyo alivyokuwa kwa kila kitu. Ukimletea habari, hata ya mvua, anakuuliza, "Nani kasema?" Ukimjibu kwamba ni wewe mwenyewe unasema, anacheka na kukuambia, "Basi tumngoje wa pili." Mdomo ule ulimpatia wateja, na ulimpatia pia watu wasiompenda. Mmoja wao alikuwa jirani yetu, Mama Tumaini, aliyeuza ulanzi upande wa pili wa njia na kuonja kila ndoo kwa heshima zote, na bado watu wakampita wakaenda kwa Leokadia.

Mwisho wa masika mwaka ule, homa iliingia kijijini. Wakafa watoto wawili wa nyumba moja, wajukuu wa mwenyekiti wetu wa kitongoji. Akafuata mpasua mbao, mwanamume mwenye shingo kama gogo, leo mzima kesho hayupo. Watu wakaanza kukumbushana nani alikunywa wapi. Na macho ya dada yangu ni mekundu, ni moshi wa jikoni wa miaka yote. Unajua mwenyewe wazee wenye macho mekundu wanavyotazamwa. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na bibi aliyetajwa hivyo hivyo. Walimchomea nyumba, akakimbilia msituni usiku wa baridi, na hakuonekana tena. Kwa hiyo niliposikia wameamua kumwita lambalamba, yule mtu anayezunguka vijijini kufichua wachawi, nilijua kabisa tunaelekea wapi. Lambalamba akisema huyu ndiye, imekwisha, hakuna rufaa.

Serikali inakataza mambo hayo. Mwenyekiti alijua inakataza. Lakini mtu aliyezika wajukuu wawili, utamsomea sheria gani?

Wakasema lambalamba anatoka upande wa Mbeya, atafika asubuhi, watu wote wakutane kwenye uwanja wa mpira. Jioni ile nilimwambia dada tuondoke, tushuke hata Igawa, tujifiche kwa watu ninaowajua. Alikuwa anaosha vikombe.

"Nikikimbia, watasema ndiye," akasema. "Nikikaa, watasema ndiye. Sasa kukimbia kwa nini, na magoti haya? Wewe kesho nenda bondeni ukalete ulanzi. Kama ni kunifukuza, wanifukuze nikiwa nimeshauza."

Ndiyo sababu asubuhi nilikuwa njiani kabla watu hawajaanza kwenda uwanjani. Ukungu ulikuwa umefunga. Hatua chache mbele huoni kitu. Kulikuwa kumekucha kabisa, majogoo walishanyamaza, lakini mwanga ulikuwa kama ule wa ndani ya maziwa. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande. Na baridi, baridi ile ya kwetu, ambayo ukisema neno, linatoka na moshi kama umevuta sigara.

"Kamwene, mnyalukolo," mtu akasema nyuma yangu, salamu ya kwetu, yaani hujambo, ndugu.

"Kamwene," nikajibu. Nilidhani ni mtu wa mianzi kama mimi. Akanifikia, akatembea kando yangu upande wa kulia. Alikuwa mtu wa makamo, koti safi, sauti nzuri mno, kama ya mtangazaji wa redio. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Hilo nililiona mapema lakini sikulitilia maanani. Mtu na viatu vyake.

"Mimi ndiye mnayemngoja," akasema.

"Lambalamba?"

"Mnaniita hivyo. Mimi najua mambo, basi. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Chochote. Mfukoni mwako mna rozari. Shanga moja ilipotea, mahali pake umefunga mbegu ya mnyonyo."

Nikaweka mkono mfukoni. Nilijua ipo, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Akacheka, cheko la kirafiki tu. Akaniambia rangi ya mbuzi wangu aliyekufa wa kwanza. Akaniambia maneno niliyomwambia marehemu mke wangu siku ya kwanza, maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikaona, aa, huyu labda kapeleleza kwa watu. Nikamwuliza mimi sasa, kitu nilichokichagua mwenyewe, kama tunavyochagua vikombe kwa Leokadia. Nikamwuliza mama alikuwa anaimba nini akisaga. Hakuna aliye hai anayejua hilo isipokuwa dada na mimi. Yule mtu akauimba. Akauimba na pale mama alipokuwa anakohoa katikati. Ningesema niamini, lakini tumeshakubaliana hatusemi hivyo.

Nikamjaribu tena na tena. Kila nilichouliza alijibu sawa, na nilivyovisahau alinikumbusha. Tukawa tunatembea tu. Mianzi tulishaipita na mimi sikuwa na habari.

"Umeridhika?" akauliza.

"Unajua mambo," nikasema.

"Basi sikiliza. Fidelis mlimzika na shati la bluu, lile alilokwenda nalo Chunya. Kifungo cha juu kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mwekundu, kwa sababu wa bluu ulikwisha. Nani alikishona?"

Nikasimama. Shati nililiona kwa macho yangu. Kifungo nilikifunga kwa mikono hii.

"Shangazi yake," nikasema.

"Uzi ule ndio uliomvuta chini," akasema, kwa upole, kama mtu anayekupa pole. "Dada yako ndiye. Mwanao, na wale watoto, na yule mpasua mbao. Leo nitasema uwanjani. Nimependa wewe ulijue kwanza, wewe ni mzazi."

Sasa ngoja nikwambie jambo ambalo wasimuliaji wengine wangelificha. Niliitaka ile habari. Mwanao akifukiwa shimoni, unatafuta wa kulaumu na humpati. Udongo haulaumiki. Utaupiga kofi udongo? Na huyu hapa ananiletea mtu mwenye jina, mwenye macho mekundu, anayelala chumba cha pili. Nilihisi kifua kikipata moto. Kwa kitambo kidogo nilikuwa karibu kumshukuru.

Kilichoniokoa ni kware. Usicheke. Nilipokuwa nachunga tulikuwa tunatega kware kwa kitanzi cha uzi wa mkia wa ng'ombe. Unamwaga punje za mahindi, moja hapa, nyingine pale, mpaka kwenye kitanzi. Na mtegaji mzuri hamwagi punje mbovu. Anachagua mahindi mazuri, ambayo hata yeye angekula. Kware anadonoa ya kwanza, ni mahindi kweli. Anadonoa ya pili, ni mahindi kweli. Ungemwuliza kware yule angekwambia hajawahi kudanganywa na punje hata moja. Na ni kweli, hakudanganywa. Kitanzi hakikuwa ndani ya punje. Kilikuwa mwisho wa punje.

Nikajiambia, mzee, rozari unaweza kuipapasa. Wimbo unaukumbuka. Kifungo ulikiona. Yote aliyokupa ni yale ambayo ulikuwa nayo tayari. Hili moja tu, la uzi kumvuta mtu chini kule Chunya, ndilo huna pa kulipapasa, na ndilo analotaka ulimeze.

"Nikuulize la mwisho," nikamwambia.

"Uliza."

"Umewahi kukosea?"

"Sijawahi."

"Nani kasema?"

Akanitazama. "Mimi nasema. Si umenijaribu?"

"Nimekujaribu kwenye yangu. Kwenye hili la dada nani amekujaribu?"

"Anayejua yote yale atashindwaje kujua hili?"

"Sikusema umeshindwa kujua. Labda unajua vizuri kabisa. Mtu anaweza kujua na akasema uongo, tena anayejua ndiye anayeuweza. Nataka mtu wa pili."

"Hakuna wa pili. Ukweli wote uko kwangu."

Hapo, ndugu yangu, woga uliniisha kabisa. Sijui ulikwenda wapi. Labda ni umri. Nikamwambia, "Sikiliza. Padri wetu anajua dhambi za kijiji kizima. Lakini yeye akitaka kuungama anapanda pikipiki anakwenda kwa padri wa parokia nyingine. Hajiungamishi mwenyewe mbele ya kioo. Wewe nani anakuungamisha?"

Akaitengeneza kola ya koti lake. Ndipo nikamtazama sawasawa. Mimi nilikuwa nahema, mdomo wangu unatoa moshi kama chungu. Yeye mdomo wake ulikuwa mtupu. Nikakumbuka kwamba njia nzima, maneno yote yale, hata wimbo wa mama, hakuna moshi uliotoka. Nikatazama chini. Nyuma yetu, upande wangu, kulikuwa na mstari mweusi ambapo miguu yangu ilikuwa imefagia umande. Upande wake nyasi zilikuwa nyeupe, nzima, kila jani na tone lake.

Aliona ninapotazama. Akatabasamu.

"Utakwenda kuwaambia nini?" akasema. "Wewe ni kaka yake. Nani atakuamini?"

Nikapepesa macho, ukawa ni ukungu tu.

Nilirudi mbio, kama mzee anavyoweza kuita mbio. Nilipofika uwanjani ukungu ulikuwa umeanza kuinuka, watu walikuwa wameshajaa, na yeye alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mwenyekiti, mguu juu ya mguu, viatu vinang'aa. Alikuwa amewaonyesha kama alivyonionyesha. Mmoja kaambiwa jembe lake lililopotea liko kwa shemeji, likaenda kuchukuliwa, liko. Mama mmoja kaambiwa jina alilokuwa amempa moyoni mtoto wa mimba iliyotoka. Watu walikuwa wanalia. Kisha akamimina dawa kwenye kikombe chake, kutoka kwenye chupa yake, akainywa yeye wa kwanza.

"Mmeona nimekunywa," akasema. "Mwenye uongo angevimba."

Akanyoosha kidole kwa Leokadia. Dada alikuwa amesimama na ndoo yake ya ulanzi wa jana, kwa sababu wa leo sikuleta.

"Ndiye huyu."

"Nani kasema?" akauliza Leokadia.

Wachache wakacheka, kwa mazoea. Halafu hawakucheka tena. Mtu akamvuta kitenge. Mwingine akaipiga teke ndoo, ulanzi ukamwagika kwenye majani. Wanaume wakaanza kumzunguka, na mmoja alikuwa ameshika kiberiti, akikichezea tu, anakitikisa. Sauti ile ya kiberiti sijaisahau.

"Mwenyekiti, naomba nafasi," nikasema.

"Baba Fidelis, wewe ni kaka yake. Kaa chini."

"Umesema vizuri. Mimi ni kaka yake, ushahidi wangu haufai, wala sitautoa. Lakini na huyu mgeni anajishuhudia mwenyewe. Kanywa dawa yake, kwa kikombe chake, kwa mkono wake. Pale kwa Leokadia mngekubali hivyo? Si mngechagua kikombe?"

"Mzee, usitupotezee wakati," akasema mwenye kiberiti.

"Sikupotezei. Nawauliza kitu kimoja, mjibu nyinyi. Mgeni amekuja kwa njia gani?"

Mwenyekiti akaonyesha kwa kidevu upande wa misonobari. "Amevuka uwanja. Tumemwona sote akitoka kwenye ukungu."

"Basi msinitazame mimi. Tazameni nyasi."

Wakageuka. Upande tuliotokea sisi, majani yalikuwa yamevurugwa, meusi, kama ng'ombe wamepita. Upande wa misonobari, kutoka kwenye miti mpaka kwenye kiti, umande ulikuwa umelala mweupe kama shuka ya altare. Hakuna unyayo. Hata wa ndege.

Mwenye kiberiti akaacha kukitikisa. Nilijua haitoshi. Watu wangeweza kusema ni nguvu za dawa zake, mtu mkubwa hakanyagi umande. Nami nilikuwa nimeshatumia yote niliyokuwa nayo, kwa sababu lile la moshi nilikuwa nimeliona peke yangu, na nikilisema, linabaki neno la kaka yake.

Ndipo Mama Tumaini akasema. Alikuwa karibu kabisa na kiti, kanga kichwani, na alikuja pale kumwona Leokadia akifukuzwa, hilo sote tulijua.

"Mimi huyu Leokadia simpendi," akasema. "Mnajua simpendi. Kaniharibia biashara, na mdomo wake mbaya. Lakini mbona mgeni akisema hatoi moshi?"

Watu wakatazamana, kila mmoja akiona mdomo wa mwenzake unafuka. Hata mtoto mgongoni mwa mama yake alikuwa anafuka. Wakamtazama yeye.

"Niliyosema ni kweli," akasema yule mtu. Sauti ile ile nzuri.

"Ndugu," mwenyekiti akasema, "hebu pumua."

"Nimewaambia kweli tupu. Jembe halikupatikana?"

"Limepatikana. Pumua kwanza."

Hakupumua. Aliinuka kwenye kiti taratibu, akatutazama mmoja mmoja kama anayetukariri. Aliponipita, akanikanyaga mguu wa kulia. Haukuwa na uzito. Ilikuwa kama jani limeangukia kiatu. Lakini baridi iliingia kwenye kidole gumba, ikapanda mpaka kwenye kifundo, ikakaa. Halafu akavuka uwanja kurudi misonobarini, juu ya umande, na sote tulikuwa tunatazama, na hakuna tone lililoanguka. Mwenye kiberiti ndiye aliyekimbia wa kwanza.

Mchana jua lilipotoka, pikipiki ikaja ikitapika matope. Imempakia mtu mfupi mwenye mabegi na ngozi za wanyama. Akasema samahani kwa kuchelewa, basi liliharibika Igawa, amelala kituoni, yeye ndiye lambalamba.

Mwenyekiti alikuwa amekaa chini, hakukirudia tena kile kiti. Akamtazama sana.

"Lakini mimi ndiye wa kweli," yule mfupi akasisitiza.

"Nani kasema?" akauliza mwenyekiti.

Akamrudisha kwa pikipiki ile ile, bila hata maji ya kunywa.

Ningependa kukwambia kijiji kilimwomba dada msamaha. Hapana. Hawakumgusa, hilo ndilo lililopatikana, na si dogo. Lakini wateja walipungua mpaka wakaisha. Na jioni moja Mama Tumaini alikuja kuomba moto, akachuchumaa jikoni, akasema polepole, "Baba Fidelis, nisamehe kuuliza. Na kama lile lilikuwa jini, lakini lilisema kweli?"

Leokadia alikuwa pale pale, anasikia.

Nikamjibu, "Sijui." Na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kilichomfukia Fidelis sikijui. Neno likishaingia sikioni halina mlango wa kutokea, na usiku mwingine nalisikia lile la uzi, kwa sauti ile nzuri. Lakini hiyo "sijui" yangu nimeichuma kwa jasho, na siibadilishi na "najua" ya mtu ambaye hana wa kumdhamini. Jini lile lirudi hata leo, linijie na mambo yote ya mbinguni na ardhini, nitaliuliza lile lile. Nikamwambia Mama Tumaini hivyo, akachukua moto wake akaenda. Asubuhi yake akatuletea mayai.

Tukahamia huku Mbeya, Ilomba, dada na mimi. Anauza chai na maandazi mbele ya nyumba. Wateja wapya walimshangaa anapowaambia wachague kikombe wenyewe, na birika wachague, sasa wamezoea. Vijana wanakuja wananionyesha mambo kwenye simu, eti babu, hapa imeandikwa hii habari ni ya uhakika. Nawauliza, uhakika huo umeandikwa na nani? Wanasoma, wanakuta umeandikwa na yule yule mwenye habari. Wanacheka. Mimi sicheki sana.

Mguu haujapona. Hospitali wamepima, wakasema damu inapita vizuri. Nilikwenda mpaka Igawa, kwenye joto linalolainisha kandambili, nikauanika mguu juani kama muhogo. Mguu wa kushoto ukaungua, wa kulia ukabaki wa Mufindi.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayesoma. Siku utakayokutana na mtu, au kitu, kinachojua mambo yako yote, usihangaike kukipima kinajua kiasi gani. Kitajua. Kitakupa punje moja baada ya nyingine, na zote zitakuwa mahindi. Wewe kitazame kinapofika kwenye lile neno usiloweza kulipapasa, lile linalotaka umchukie mtu wako. Hapo mtafute wa pili. Kikikwambia wa pili hayupo, tazama nyasi. Na hata haya niliyoandika, usiyachukue kwa sababu nimeyaandika vizuri. Mama Tumaini bado yuko hai, muulize, hanipendi kivile. Au njoo Ilomba uguse mguu. Ndicho nilichokuahidi.

Dada ndiye anayeugusa kila asubuhi kabla hajawasha moto. Leo nilijisikia vizuri, nikamwambia, "Naona umeanza kupata joto."

"Nani kasema?" akauliza, na akainama kuushika mwenyewe.